Wapekuzi Wasio na Kibali

Mabuyu hayataki mpishi mwenye mawazo. Shira ikizidi moto, sukari huungua na mabuyu yote huwa machungu. Lamis aliijua kazi hiyo tangu utotoni, na maduka mengi ya Mji wa Kale yaliuza mabuyu yake. Lakini Ijumaa ile aliunguza sufuria nzima. Kila aliposikia viatu kwenye ngazi, aliacha mwiko akaenda kuchungulia.

Alikuwa akimngoja mumewe. Fahmi alikuwa koplo katika jeshi la wanamaji. Kazi yake ilikuwa kutunza ghala la vifaa katika kambi moja ng'ambo ya Likoni. Ijumaa ambayo hakuwa na zamu, alivuka kwa feri, akaswali pamoja na majirani, kisha akaja kula chakula cha mchana nyumbani. Ijumaa ile hakuja, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kibokoni, nyumba ya mawe ya zamani. Haikuwa ya Fahmi. Ilikuwa ya Bi Mwanatumu, mama yake Lamis, aliyeirithi kwa baba yake. Lamis, Fahmi na binti yao Shifa walikaa juu kabisa. Bi Mwanatumu alikaa ghorofa ya kati. Chumba cha chini, kilichoelekea kichochoroni, alikipangisha kwa Mung'aro, mtu mzima kutoka Kaloleni. Mung'aro alikuwa msimamizi wa walinzi huko Mbaraki. Alikuwa mkimya, lakini macho yake hayakukosa kitu. Aliyeingia alimwona na aliyetoka alimwona.

Jioni ile alimuuliza Lamis, "Mbona Fahmi hakuonekana msikitini leo?"

Lamis alimjibu kwamba ana kazi nyingi. Alipofika juu, Bi Mwanatumu alimshika mkono.

"Yule mtu atujulia nini sisi?" alisema kwa sauti ya chini. "Mkristo yule. Nani aliyemwambia ni nani yuko msikitini na ni nani hayuko? Mchunge sana."

Usiku ule Lamis hakupata usingizi. Wazo lake la kwanza lilikuwa mwanamke mwengine. Aliona haya kuliwaza, lakini lilimjia, likakaa.

Kesho yake alikuja Morgan. Morgan alikuwa askari mwenzake Fahmi, nao walifanya kazi katika ghala moja. Alisimama upande wa bwana harusi siku ya ndoa yao, na tangu hapo alimwita Lamis shemeji. Alikuja amevaa kiraia. Alikataa kuketi.

Alieleza kwamba Fahmi anashikiliwa na polisi wa jeshi ndani ya kambi. Darubini za bei kubwa zilikuwa zimepotea ghalani. Zilipotea Jumapili moja ya mwezi uliopita, na siku hiyo aliyekuwa zamu ghalani ni Fahmi.

"Sikiliza, shemeji," alisema Morgan. "Usiende kambini. Usimwambie mtu. Na wakili usimkaribie kabisa. Jeshi si kama huku kwenu. Ukileta wakili, watasema amekubali kosa. Wewe niachie mimi."

Lamis alimshukuru. Lakini Morgan alipoondoka, neno moja lilibaki likimchoma. Jumapili ile. Lamis aliikumbuka vizuri Jumapili ile. Shifa alishikwa na pumu mchana, akawa hapati pumzi. Lamis alimpigia mumewe simu akilia. Fahmi alivuka feri mara moja, akambeba mtoto mpaka hospitali, akaketi naye hadi alipotulia. Lamis alipomuuliza kama amepewa ruhusa, alisema ndiyo. Sasa Morgan alikuwa akisema siku hiyo Fahmi alikuwa zamu.

Basi Fahmi alimdanganya. Kama alidanganya hilo, hakudanganya jengine? Na alikuja na begi lake siku ile. Lamis alikumbuka begi.

Alifunga mlango wa chumba chao. Alifungua kabati la mumewe akatoa kila kitu, shati kwa shati. Alikunjua soksi. Aliinua godoro. Alilipata begi lenyewe nyuma ya kabati, akalipindua. Ilianguka dawa ya Shifa ya kuvuta, ambayo Fahmi alikuwa ameinunua njiani, na taulo. Hakukuwa na kitu chengine. Lamis aliketi sakafuni katikati ya nguo za mumewe. Aliona aibu kwa aliyoyafanya, lakini shaka haikuondoka.

Siku iliyofuata alishindwa kuvumilia. Alimwachia mama yake mtoto, akavuka kwenda kambini. Langoni askari wa zamu alimsikiliza kwa adabu, akaandika jina lake, akamwambia angoje. Alingoja juani. Baadaye aliambiwa kwamba hakuna mtu wa kumwona siku hiyo. Hakuambiwa mumewe yuko wapi wala amefanya nini. Alirudi Feri miguu ikiwa mizito.

Katika umati wa watu waliongojea kuvuka, alimwona Mung'aro. Alijificha nyuma ya mama mmoja aliyebeba kikapu cha nazi, lakini Mung'aro alikuwa ameshamwona, akamjia.

"Umenifuata?" Lamis aliuliza.

Mung'aro alisema hapana, alikuwa ametoka kumwona dada yake Mtongwe. Kisha aliutazama uso wa Lamis. "Bi Lamis, wewe watoka kambini. Fahmi ameshikwa, sivyo?"

Lamis aligeukia upande wa maji.

"Nauliza kwa sababu naijua kazi hiyo. Kabla ya kustaafu nilikuwa polisi wa jeshi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwachunguza askari wenzangu."

Lamis alirudi nyuma hatua. Basi mama yake alikuwa amesema kweli. Mtu huyu alipanga chumba chini ya nyumba yao, akawatazama wakiingia na kutoka, kumbe ni mpelelezi. Hofu ilimfanya aseme bila kupima maneno. Alimuuliza ni nani aliyemtuma, na amepeleka habari gani kambini.

Mung'aro hakukasirika. Alisema hatumwi na mtu, na kwamba yeye angekuwa mahali pake angeshuku vilevile. "Usiniamini mimi," alisema. "Ntakwambia ninayoyajua, kisha nenda kamuulize wakili kama ni kweli."

Feri ilifika, watu wakasukumana kuingia. Lamis na Mung'aro walisimama pembeni karibu na ukuta wa chuma, na Mung'aro akaeleza. Alisema kwamba jeshi lina sheria yake, na lina polisi wake wa kuchunguza makosa ya askari. Lakini polisi hao hawafanyi watakavyo. Wakimkamata askari, ni lazima aelezwe sababu. Kamanda wa kikosi ni lazima ahakikishe tuhuma inachunguzwa bila kucheleweshwa. Haifai mtu kuwekwa korokoroni akasahauliwa. Ushahidi usipopatikana, aachiliwe.

"Na wakimpiga ili akubali?" Lamis aliuliza. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

"Hawana ruhusa. Hakuna sheria ya raia wala ya jeshi inayoruhusu kumtesa mtu. Nami siwezi kukuapia kwamba hakuna anayevunja sheria. Ndiyo maana mtu wa nje anapouliza habari za aliyeshikwa, humsaidia. Mtu anayeulizwa habari zake haguswi ovyo."

Kisha Lamis alimwambia maneno ya Morgan, kwamba wakili ataharibu mambo. Mung'aro alikunja uso.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Rafiki yake."

"Rafiki gani huyo anayetaka rafiki yake akose wakili?"

Walishuka feri, kila mmoja akashika njia yake. Lamis alimtazama Mung'aro akienda, asijue ni yupi wa kumwogopa, huyu au Morgan.

Alipomweleza mama yake, Bi Mwanatumu alisema wote wawili ni wamoja. Hata hivyo, alikubali jambo moja. Kumuuliza wakili hakuwezi kumdhuru mtu.

Karibu na mahakama, katika jengo la zamani, kulikuwa na shirika dogo lililowapa watu ushauri wa sheria bure. Aliyemhudumia Lamis alikuwa wakili kijana aitwaye Joy. Joy alimpa kiti na maji, akamwambia kwamba atakayosema hapo hayatatoka nje. Lamis alieleza, lakini hakuyasema yote. Habari ya Jumapili aliibana kifuani.

Joy alithibitisha kila alichosema Mung'aro, akaongeza mengine. Alisema Katiba ya Kenya inaruhusu sheria ipunguze baadhi ya haki za askari. Kwa mfano, askari hana faragha sawa na ya raia. Chumba chake cha kambini chaweza kupekuliwa kwa amri ya wakubwa wake kwa urahisi kuliko nyumba ya raia. Hata zile haki za mtu aliyekamatwa, sheria yaweza kuzipunguza kwa askari. Raia hufikishwa mahakamani ndani ya saa ishirini na nne, au siku ya kwanza ya kazi mahakama ikiwa imefungwa. Kwa askari, jeshi lina utaratibu wake, lakini nao una mipaka.

"Yako mambo ambayo hayapunguzwi kwa mtu yeyote," Joy alisema. "Mtu hateswi. Mtu ni lazima ahukumiwe kwa haki, na katika haki hiyo mna kuwa na wakili, na kutolazimishwa kujishtaki mwenyewe. La tatu, mtu akishikiliwa bila kujulikana alipo, jamaa zake waweza kwenda Mahakama Kuu. Jaji ataamuru aletwe mbele yake, awe askari, awe nani."

Lamis aliuliza kama kweli kuleta wakili ni kukubali kosa. Joy alisema si kweli hata kidogo. Alimweleza pia kwamba makosa madogo husikilizwa na kamanda mwenyewe. Makubwa hupelekwa mahakama ya kijeshi. Huko nako mshtakiwa huwa na wakili wa kumtetea, na asiporidhika na hukumu hukata rufaa Mahakama Kuu.

Kisha Joy aliuliza, "Nyumba mnayokaa ni ya nani?"

"Ni ya mama yangu."

"Basi sikiliza vizuri. Mama yako ni raia, nawe ni raia. Polisi wa jeshi hawana mamlaka ya kuja peke yao kuipekua. Wakitaka, huja pamoja na polisi wa kawaida, wakiwa na kibali cha hakimu. Mtu akija, muombe kitambulisho, muombe kibali, ukisome. Upekuzi ufanywe mbele ya macho yenu. Kila kinachochukuliwa kiandikwe. Kama hana kibali, usimpige, usimtukane. Mwambie hapana, kisha nipigie simu."

Joy aliandika barua kwa kamanda wa kikosi, akaipeleka mwenyewe. Jibu halikuchelewa. Aliruhusiwa kumwona Fahmi. Aliporudi, alimwambia Lamis kwamba mumewe ni mzima na hajapigwa. Ameambiwa anatuhumiwa wizi wa mali ya jeshi, naye amenyamaza.

"Yako jambo analoliogopa," Joy alisema, "na nadhani wewe walijua."

Lamis bado hakusema habari ya Jumapili. Alihofu kwamba akisema Fahmi alikuwa nyumbani, atamfunga kwa mdomo wake. Na akinyamaza, huenda akafungwa kwa wizi. Alitoka pale akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Mchana mmoja mlango wa chini ulibishwa. Lamis alishuka, mama yake akamfuata. Alikuwa Morgan, naye alikuwa na mtu mnene aliyevaa shati jeupe, kofia na miwani ya jua. Mtu huyo alikuwa na mfuko mkubwa begani.

Morgan alisema yule ni afisa wa uchunguzi kutoka jeshini. Walitaka kuingia chumba cha Fahmi mara moja, waangalie haraka, wamalize. Alizungumza kwa upole. Alisema akifanya hivyo ni kumsaidia shemeji yake, ili wapekuzi wengine wasioijua familia wasije wakavunja vitu.

Lamis alikaribia kuwapisha. Morgan alikuwa amekula nyumbani humo mara nyingi. Mikono yake ndiyo iliyombeba Shifa siku ya arubaini ya kuzaliwa kwake. Lakini macho ya Lamis yalikwenda kwenye ule mfuko. Ulikuwa umejaa, na mkanda wake uliukata bega la yule mtu. Mpekuzi huja kutafuta vitu. Huyu alikuja amejaza.

"Nionyeshe kitambulisho chako," alimwambia yule mtu.

Yule mtu alimtazama Morgan. Alisema kazi ya jeshi ni ya siri, na kitambulisho hakionyeshwi raia.

"Na kibali cha hakimu?"

"Shemeji, haya nani kakufundisha?" Morgan aliuliza. Upole ulikuwa umeanza kumtoka. "Mumeo ni askari. Askari hana kibali wala hakimu."

"Mume wangu ni askari. Nyumba ni ya mama yangu."

Bi Mwanatumu alisogea akasimama katikati ya mlango. Alikuwa mfupi, na buibui lake liliuziba mlango pande zote mbili. "Mfungue huo mfuko hapa nje," alisema. "Tuone mnaingia na nini. Kisha tutazungumza."

Hakuna aliyeufungua. Morgan alisema watajuta, kwamba wanamwongezea Fahmi makosa, kwamba watarudi na lori la askari. Wakati huo mlango wa Mung'aro ulifunguliwa. Alitoka na kikombe cha chai, akaegemea ukuta. Aliwatazama tu, kwanza uso wa Morgan, kisha uso wa yule mtu, polepole, kama mtu anayehifadhi sura. Yule mtu alivuta kofia usoni. Wakaondoka, wakapotea kwenye kona ya kichochoro.

Lamis alibonyeza namba ya wakili mara mbili, akaikosea. Mung'aro alimshikia, akampigia Joy.

Siku ile Lamis alimweleza Joy yote, pamoja na Jumapili. Alimweleza pumu ya Shifa, hospitali, na uongo wa ruhusa. Joy alisema kwamba kwa kawaida mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, kwa hiyo uamuzi ni wake. Kwanza angemuuliza Fahmi.

Fahmi alipoambiwa kwamba Morgan alikwenda nyumbani na mtu na mfuko, alimweleza wakili wake yote. Jumapili ile hakuwa na ruhusa. Aliposikia mtoto hapati pumzi, alimwachia Morgan funguo za ghala, akaondoka. Alinyamaza kwa sababu aliogopa kufukuzwa kazi, na kwa sababu hakutaka kumtia rafiki yake mashakani. Sasa alikuwa tayari kusema. Alimwambia Joy amjulishe Lamis naye aseme kweli.

Wachunguzi wa kweli walikuja baada ya hapo. Aliyewaongoza alikuwa Sajenti Gunga wa polisi wa jeshi. Hakuja peke yake. Alifuatana na polisi wawili wa kawaida, mmoja wao mwanamke. Walisimama nje ya mlango mpaka walipokaribishwa. Sajenti alitoa kitambulisho, na polisi mwanamke akatoa kibali cha hakimu.

Hata hivyo Lamis hakuwaamini. Alikisoma kibali mara mbili. Alitazama jina la nyumba, jina la mama yake, sahihi na muhuri. Bi Mwanatumu aliwafuata chumba hata chumba. Walipofungua kabati, aliwaambia wamwonyeshe mikono kwanza, mikono mitupu, na Sajenti Gunga akamwonyesha bila kununa. Hawakupata kitu. Waliandika kwamba hawakupata kitu, wakamsomea, naye akatia sahihi.

Kisha Sajenti alimuuliza Lamis kama angependa kuandikisha maelezo. Alimwambia halazimishwi, na kwamba wakili wake aweza kuwepo. Joy alikuja. Lamis alieleza habari za Jumapili tangu simu aliyompigia mumewe hadi walipotoka hospitali. Alitaja daktari aliyemwona Fahmi akiwa na mtoto mapajani. Kisha alieleza ziara ya Morgan, na Mung'aro akaeleza sura ya yule mtu, toka kovu la kidevuni hadi viatu. Sajenti aliwasomea maneno yao kabla hawajatia sahihi. Palipokosewa, Lamis alisema, na pakasahihishwa.

Kamanda aliamuru chumba cha Morgan kambini kipekuliwe. Humo mlikuwa na darubini mbili zilizofungwa kwa blanketi. Nyingine zilipatikana kwa yule mtu mwenye miwani, aliyekuwa mchuuzi wa vitu vya wizi upande wa Kibarani. Huyo alikuwa raia, kwa hiyo jeshi halikumshikilia. Alikabidhiwa kwa polisi wa kawaida apelekwe mahakama ya kawaida. Morgan alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi. Ilidhaniwa kwamba katika ule mfuko mlikuwa na darubini za kufichwa chumbani kwa Fahmi, ili zije kupatikana huko. Hilo lilikuwa la mahakama kuamua.

Kamanda alifuta tuhuma ya wizi dhidi ya Fahmi kwa kukosa ushahidi. Lakini Fahmi hakuachwa bure. Alishtakiwa mbele ya kamanda kwa kuondoka zamu bila ruhusa na kumwachia mwingine funguo. Alikubali. Alisikilizwa, naye akaeleza habari za mtoto. Alipewa karipio kali, akazuiliwa asitoke kambini kwa muda, na akaondolewa kazi ya ghala.

Siku aliyorudi nyumbani, Shifa alimrukia shingoni. Lamis alikaa mbali kidogo. Chakula kilipokwisha alimwambia, "Ungeomba ruhusa. Na kama wangekunyima, ungeniambia mimi ukweli. Nililipekua kabati lako lote kama mwizi. Nilikushuku wewe, nikamshuku mtu mwema, nikamwamini mbaya."

Fahmi alisema anastahili hilo. Alisema pia jambo ambalo Lamis hakulitarajia. Kule korokoroni, kabla ya Joy kufika, alikuwa karibu kukubali wizi ambao hakuufanya, kwa kuchoka tu. Hakuna aliyempiga. Kilichomchosha ni kudhani kwamba hakuna mtu nje anayeuliza habari zake.

Bi Mwanatumu alishuka mwenyewe kwa Mung'aro na sahani ya biriani. Alimwambia kwamba alimdhania vibaya. Mung'aro alisema alijua, maana alikuwa akizisikia dua zake za kujikinga naye kupitia dirisha.

Wiki ile ile Lamis alirudia kazi yake. Alikuwa akianika mabuyu sinia kwa sinia, mlango ukabishwa. Nje alisimama mwanamke asiyemjua, mjamzito, kanga imempwaya begani. Alisema anaitwa Mapenzi. Alikuwa mke wa Morgan, ambaye Morgan hakuwahi kumleta kwao.

Lamis aliushika mlango. Kitu cha kwanza alichokitazama ni mikono ya yule mwanamke, kama amebeba mfuko. Hakuwa na kitu. Bi Mwanatumu aliuliza kutoka juu ni nani.

"Sikuja kumwombea," alisema Mapenzi. "Alilolifanya atalijibu mwenyewe. Lakini tangu wamshike sijui yuko wapi, wala sijui kama ni mzima. Nimekwenda langoni wakanirudisha. Watu wananiambia nikitafuta wakili nitamharibia."

Lamis aliukumbuka ule mfuko mlangoni pake. Alikumbuka sauti ya Morgan ilivyobadilika. Sehemu moja ya moyo wake ilitaka Morgan akae huko asiulizwe habari zake na mtu, aonje. Alimtazama mwanamke yule aliyesimama juani, akauachia mlango.

"Hao wanaokwambia hivyo hawajui," alisema. "Mumeo ana haki ya wakili kama wangu alivyokuwa nayo. Ingia ukae kivulini kwanza."

Alimpa maji. Alivaa buibui lake, akafunika mabuyu kwa kitambaa, akamwambia mama yake anatoka kidogo. Kisha akamshika Mapenzi mkono, wakatembea pamoja polepole kwenda kwa Joy.